Viti Sita vya Mbele: Kwa Nini Kadi ya Msafiri wa Ndege Imepungua Thamani

Ndege aina ya Bombardier Q400 ambazo Air Tanzania huzitumia katika safari nyingi za ndani, zikiwemo za Tabora, zina viti 76. Sita kati ya hivyo ni vya daraja la biashara na 70 ni vya daraja la kawaida. Mnunuzi wa tumbaku, wakala wa asali au mwenye duka la vipuri anayetoka Tabora kwenda Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 800 kwa barabara au reli, hana sababu ya kuzijua hesabu hizo. Huzijua siku anapofika kaunta na kadi ya msafiri wa mara kwa mara, akitarajia kusogezwa mbele, na kuambiwa kuwa mbele kumejaa.

Manung'uniko ya aina hiyo si ya kiwanja kimoja wala ya shirika moja. Katika miaka ya karibuni wasafiri wa biashara Marekani, Ulaya na Afrika Mashariki wamelalamika kuwa kadi za fedha, dhahabu na platinamu haziwapi tena kile zilichowapa zamani. Masharti ya kuzipata yamekuwa magumu, na aliyezipata hapandishwi daraja kwa urahisi kama awali.

Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, mfanyabiashara anayeishia kulalamika hatafaidika. Faida ataipata akielewa kwa nini viti vya mbele vimeadimika, nani anavichukua, na kadi iliyo mfukoni mwake ina thamani gani hasa kwa shilingi. Ukanda wa Tabora una sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa biashara yake iliwahi kuvurugika kutokana na upendeleo uliotolewa bure na kisha kuondolewa.

Kadi ilivyoanza

Mwaka 1978 Marekani iliondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege za ndani. Mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria kwa bei. Mei 1, 1981 American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage, ambao ulimhesabia abiria maili alizosafiri na kumpa safari au daraja la juu kama zawadi. United ilifuata baada ya siku chache, na mashirika mengine hayakuwa na budi kuiga.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Kiti cha ndege ni bidhaa inayooza haraka kuliko nyanya za sokoni. Ndege ikishapaa, kiti kitupu hakiuziki tena kwa bei yoyote. Siku hizo viti vingi vya mbele katika safari za ndani za Marekani viliruka vitupu. Kumpa kiti cha namna hiyo mteja anayesafiri kila wiki kuligharimu shirika chakula na kinywaji tu, lakini kulimfunga mteja huyo asiende kwa mshindani.

Afrika Mashariki ilichelewa kuingia katika mchezo huo, kwa kuwa mashindano yenyewe yalichelewa. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946, ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na shirika lake la umma. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996, KLM ya Uholanzi iliponunua asilimia 26 ya Kenya Airways, na shirika hilo likaingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka huohuo. Baada ya Air France na KLM kuungana mwaka 2004, mipango yao ya maili iliunganishwa mwaka 2005 chini ya jina la Flying Blue, na Kenya Airways ikawa ndani yake. Baadaye Kenya Airways ilianzisha mpango wake yenyewe uitwao Asante Rewards. Air Tanzania nayo ina Twiga Miles, Ethiopian ina ShebaMiles, na Emirates ina Skywards iliyoanza mwaka 2000.

Mfanyabiashara wa Tabora anayefuata bidhaa Dubai, Istanbul au Guangzhou anaweza hivyo kuwa na kadi tatu au nne mkobani. Kila moja ina kanuni zake, na mara nyingi moja haiitambui nyingine. Air Tanzania haimo katika muungano wowote mkubwa wa mashirika ya ndege. Kwa hiyo safari zake za Tabora hadi Dar es Salaam, hata zikiwa nyingi kiasi gani, hazimsaidii kufikia dhahabu katika mpango kama Flying Blue.

Foleni isiyoonekana

Wasafiri wengi hudhani kuwa kupandishwa daraja ni hisani ya mhudumu wa kaunta. Ukweli ni kwamba kuna foleni ndani ya kompyuta, na mhudumu huisoma tu.

Wa kwanza katika foleni ni aliyelipia daraja la biashara kwa bei kamili. Kadi ya rangi yoyote haiwezi kumtoa huyo. Wa pili, katika mashirika mengi ya sasa, ni aliyeongeza fedha baada ya kununua tiketi. Shirika humtumia abiria ujumbe siku chache kabla ya safari na kumpa bei ya kusogea mbele, au humwalika ataje bei yake mwenyewe kama katika mnada. Wa tatu ni anayelipa kwa maili alizokusanya. Wa nne ndiye mwenye kadi anayengoja kupandishwa bure kwa sababu ya hadhi yake.

Hata wenye kadi wakiwa wengi katika safari moja hawalingani. Platinamu humtangulia dhahabu, na dhahabu humtangulia fedha. Wakilingana rangi, huangaliwa aina ya tiketi. Aliyenunua nauli inayoweza kubadilishwa humtangulia aliyenunua nauli ya bei ya chini. Wakilingana hapo pia, huangaliwa nani alitangulia kuomba.

Ikumbukwe vilevile kuwa desturi hazifanani. Mashirika makubwa ya Marekani huwapandisha wenye kadi bure katika safari za ndani viti vikibaki. Ya Ulaya, Ghuba na Afrika kwa kawaida hutaka maili au fedha, na humpandisha mtu bure pale tu daraja la kawaida linapokuwa limeuzwa kupita idadi ya viti. Hapo ndipo kadi husaidia, kwa kuwa shirika likilazimika kusogeza watu mbele, huanza na wateja wake wa kudumu.

Katika ndege yenye viti sita mbele, foleni hiyo huisha upesi. Wakilipa wanne na wawili wakaongeza fedha, hakuna kilichobaki cha kugawiwa. Viti sita kati ya 76 ni kama asilimia 8 tu ya ndege nzima. Ndege kubwa hazibadilishi sana uwiano huo. Airbus A220-300 za Air Tanzania zina viti 12 vya biashara kati ya 132, na Boeing 787-8 zake zina 22 kati ya 262.

Kutoka maili hadi fedha

Badiliko kubwa la kwanza lilihusu kipimo. Zamani maili zilihesabiwa kwa umbali. Aliyenunua tiketi ya bei ya chini na aliyenunua ya bei ya juu walipata maili zisizotofautiana sana kwa safari moja. Delta na United ziliachana na utaratibu huo mwaka 2015 na kuanza kuhesabu maili za zawadi kwa fedha zilizolipwa. American ilifuata mwaka 2016.

Kwa Afrika Mashariki wimbi lilifika Aprili 1, 2018, Flying Blue ilipobadili kanuni zake. Chini ya kanuni hizo, msafiri wa ngazi ya mwanzo alipata maili 4 kwa kila euro ya nauli, bila kuhesabu kodi za serikali. Wa kadi ya fedha alipata maili 6, wa dhahabu 7 na wa platinamu 8. Kwa hiyo watu wawili waliokaa viti jirani kwa nauli ileile ya euro 200 walishuka na maili tofauti: mmoja 800, mwenzake 1,600.

Kadi yenyewe iliwekewa pointi za namna nyingine. Ilihitaji pointi 100 kupata fedha, 180 zaidi kupata dhahabu, na 300 zaidi kupata platinamu. Safari ya kimataifa isiyozidi maili 2,000, kama Dar es Salaam hadi Nairobi, ilitoa pointi 5 kwa daraja la kawaida na 15 kwa daraja la biashara.

Mfanyabiashara akipiga hesabu mwenyewe ataona maana yake. Kwa tiketi ya kawaida, kwenda Nairobi na kurudi ni pointi 10. Anahitaji safari 10 za kwenda na kurudi ili apate kadi ya fedha, na nyingine 18 ili afike dhahabu. Kwa tiketi ya daraja la biashara, kwenda na kurudi ni pointi 30, na safari 4 tu zinampatia kadi ya fedha.

Hapo ndipo kiini cha malalamiko kilipo. Kadi iliyobuniwa kumsogeza mbele mtu wa nyuma sasa inamfikia upesi zaidi yule ambaye tayari anakaa mbele kwa fedha zake. Msafiri wa mara kwa mara anayetumia tiketi za bei nafuu, ambaye ndiye aliyekuwa akiiona kadi kama tuzo ya uvumilivu wake, amerudishwa mwisho wa foleni.

Mashirika mengine yalikwenda mbali zaidi. Septemba 2023 Delta ilitangaza kuwa kadi zake zingetolewa kwa kuangalia fedha peke yake, na kwamba ngazi ya juu kabisa ingehitaji matumizi ya dola 35,000 kwa mwaka. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mkuu wa shirika hilo, Ed Bastian, alikiri kuwa walikuwa wamepitiliza. Oktoba mwaka huohuo kiwango kilishushwa hadi dola 28,000. British Airways nayo kuanzia Aprili 1, 2025 ilibadili mpango wake na kupima kwa pauni zilizotumika. Kadi ya dhahabu ikahitaji pointi 20,000, na pointi hizo zikafungwa na fedha badala ya safari.

Kwa nini viti havigawiwi tena

Sababu ya kwanza ni kwamba viti vinauzika. Teknolojia ya mauzo imeliwezesha shirika kumfikia abiria mmoja mmoja kwa simu yake ya mkononi hadi saa chache kabla ya safari, na kumwuzia kiti cha mbele kwa bei ndogo kuliko bei kamili. Kiti kilichokuwa kikioza sasa kina mnunuzi. Hakuna mwenye duka atakayegawa bure bidhaa ambayo mteja wa nyuma yuko tayari kuilipia.

Sababu ya pili ni wingi wa wenye kadi. Nchini Marekani, hasa, kadi za benki zinazotoa maili kwa kila manunuzi zimeongeza watu wenye hadhi bila kuongeza viti. Wakati wa ugonjwa wa Uviko-19 mashirika mengi yaliongeza muda wa kadi bila kudai safari. Usafiri uliporejea, foleni ilikuwa ndefu kuliko viti. Dhahabu ikiwa nyingi sokoni, bei yake hushuka, iwe ya Nzega au ya plastiki.

Sababu ya tatu ni ushindani. Upendeleo hutolewa kwa ukarimu pale mteja ana pengine pa kwenda. Njia yenye shirika moja au mawili haina haja ya kumbembeleza mtu. Kwa Tabora, washindani wa ndege ni basi la barabara ya lami na treni ya reli ya kati iliyofika mjini humo mwaka 1912. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na vipande vya kuelekea Tabora vilikuwa vimeshaingia katika ujenzi. Siku treni hiyo itakapofika Tabora, huenda msafiri akasikia lugha tofauti katika kaunta za ndege.

Somo la njia ya misafara

Wafanyabiashara wa Tabora wa karne ya 19 walikutana na jambo la namna hii hii, na gharama yake haikuwa kiti.

Katika miaka ya 1850 Kaze, mji ulio chanzo cha Tabora ya leo, ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nguo, shanga na baruti zilipanda bara. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikaa hapo kwa ruhusa ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, ambaye hakuwatoza kodi kwa bidhaa zao. Njiani walikuwa wakilipa hongo kwa watemi wengine, hasa katika nchi ya Ugogo. Kwa Fundikira walikuwa, kwa lugha ya leo, wenye kadi ya dhahabu.

Fundikira alifariki karibu mwaka 1858, na Mnywa Sere akashika kiti. Mtemi mpya aliona kuwa biashara imekua na wageni wametajirika, naye hapati kitu. Akaweka kodi. Wafanyabiashara walikasirika, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuuhesabu msamaha ule kama haki yao na kupanga bei zao juu yake. Hawakulipa. Walimuunga mkono mpinzani wake, Mkasiwa, na Mnywa Sere akafukuzwa.

Hawakupumzika. Mnywa Sere aliendesha vita vya kuvizia katika njia ya misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Kaze Januari 1861 aliikuta vita ikiendelea. Kwa miaka kama mitano wafanyabiashara walipoteza wapagazi, mizigo, muda na maisha, wakitetea msamaha ambao aliyewapa alikuwa kaburini.

Mwaka 1871 mambo yalijirudia kwa sura nyingine, safari hii upande wa magharibi, ambako Mirambo wa Urambo aliishika njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora mwaka huo, aliandika kuwa msafara mmoja ulidaiwa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Ukalipa, na bado ukarudishwa ulikotoka. Vita vilivyofuata viliisumbua Tabora hadi katikati ya muongo huo.

Somo kwa mfanyabiashara wa leo liko wazi. Fundikira aliwaachia wageni kodi wakati uamuzi huo ulimfaa. Mrithi wake aliiweka kodi kwa kuwa hesabu ilikuwa imebadilika. Msamaha uliotolewa na mwenye njia hubaki mikononi mwa mwenye njia, na anayeujengea bei ya bidhaa zake amejenga juu ya kiwanja cha mtu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa mwekezaji mdogo

Upande wa pili wa kaunta yupo mwenye hisa, naye huyaona mabadiliko haya kwa jicho jingine.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na wahasibu wanakubali. Chini ya kanuni za kimataifa za uhasibu zilizoanza kutumika Januari 1, 2018, shirika la ndege likiuza tiketi yenye maili, sehemu ya nauli haihesabiwi kuwa mapato ya siku hiyo. Huwekwa katika madeni hadi abiria azitumie maili zake au muda wake uishe. Shirika likipandisha idadi ya maili zinazohitajika kwa zawadi, linapunguza uzito wa kile litakachowatolea wateja siku zijazo. Abiria anaposononeka, mizania inapata nafuu.

Ukubwa wa mipango hiyo ulidhihirika wakati wa janga. Mwaka 2020 United iliweka rehani mpango wake wa MileagePlus na kukopa dola bilioni 6.8. Delta ilikopa dola bilioni 9 kwa SkyMiles mwaka huohuo, na American dola bilioni 10 kwa AAdvantage mwaka 2021. Ndege zilikuwa zimeegeshwa, lakini maili zilikopesheka, kwa kuwa benki huzinunua kwa fedha taslimu ili kuwapa wateja wao.

Mwekezaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa mashirika ya hapa yana mgodi wa aina hiyo. Kadi za benki zenye maili hazijaenea kwa kiwango cha Marekani. Precision Air iliuza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa Sh. 475 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kilichoamua mwendo wa shirika hilo tangu hapo ni mafuta, mikopo ya ndege na idadi ya abiria. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa Nairobi Julai 2020 na hazikurejea sokoni hadi Januari 2025. Anayesoma taarifa za hesabu za shirika la ndege atafute kwanza madeni ya ukodishaji wa ndege na fedha taslimu, ndipo aulize habari za maili.

Vilevile mwenye hisa na mwenye maili wanafanana katika jambo moja baya. Shirika likianguka, wote wawili hukaa nyuma kabisa ya foleni ya wadai. Air Berlin ya Ujerumani ilipofilisika Agosti 2017, mpango wake wa topbonus nao ulifilisika, na wanachama wakabaki na maili zisizonunua kitu.

Hesabu ya mfanyabiashara

Mfano huu ni wa kufundishia tu, na kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme mfanyabiashara anakwenda Dar es Salaam na kurudi mara 12 kwa mwaka, kwa nauli ya Sh. 600,000 kila mara. Matumizi yake ni Sh. 7,200,000. Kadi ikimrudishia faida yenye thamani ya asilimia 5, anapata Sh. 360,000.

Sasa shirika linapandisha sharti la kubaki na kadi kutoka safari 12 hadi 14. Mfanyabiashara anaongeza safari mbili asizozihitaji ili asiipoteze. Ametumia Sh. 1,200,000 za ziada, na faida ya kadi imefika Sh. 420,000 kwa mwaka mzima. Amelipa zaidi ya milioni moja kutetea laki nne. Angeiacha kadi iende, na kwa zile safari mbili za mwaka anazotaka kweli kufika amepumzika, akanunua kiti cha mbele kwa nyongeza ya, tuseme, Sh. 150,000 kila kimoja, angetumia Sh. 300,000 na kukaa mbele kwa uhakika.

Kutokana na hesabu hiyo kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, tiketi inunuliwe kwa bei, saa na uhakika wa safari. Kadi iwe nyongeza, isiwe sababu. Mkutano na mnunuzi ukiharibika kwa kusubiri ndege ya kadi wakati nyingine imeondoka, hakuna pointi zitakazoufidia.

Pili, maili zitumiwe mapema. Fedha benki hupata riba, lakini maili hazipati riba, na thamani yake hubadilishwa na aliyezitoa. Zikitosha safari, zisafiriwe.

Tatu, uzito wa mizigo upimwe kabla ya kiti. Kwa mtu anayerudi Tabora na vipuri au sampuli za vitambaa, kilo za ziada zinazotolewa na baadhi ya kadi zina thamani ya wazi kila safari, kwa kuwa bei ya kilo inajulikana. Kupandishwa daraja kunategemea foleni ya siku hiyo.

Nne, kila kadi iwekewe ukurasa wake: maili zilizopo, tarehe ya kuisha, na masharti kama yalivyokuwa siku ya kujiunga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maili hupotea upesi kuliko mali nyingine, kwa kuwa haziozi mbele ya macho.

Malalamiko nayo yasidharauliwe. Delta ilirudi nyuma mwaka 2023 kwa sababu wateja wake walikuwa na mashirika mengine ya kuhamia na walisema hivyo kwa sauti. Abiria wa njia yenye ushindani anaweza kufanya hivyo. Abiria wa njia isiyo na ushindani atakuwa na nguvu ndogo, na msimu wa masoko ya tumbaku unapofika, wanunuzi, wakaguzi na maofisa wa benki wote wakitaka kwenda Tabora wiki hiyohiyo, viti sita vya mbele vitakwenda kwa waliovilipia mapema.